Kofia Haina Macho

Stima ilipotea saa tano usiku, na askari wa zamu akatoka nje kufuata upepo na mtandao wa simu. Hiki ni kituo cha polisi cha mji mmoja wa pwani ya Kenya. Jina lake nalificha, kwa kuwa naishi jirani, na siku moja huenda nikahitaji kuandikisha kitambulisho kilichopotea. Chumba cha ripoti kikabaki na wenyewe. Juu ya kaunta alikuwapo Kitabu cha Matukio, ambaye wananchi wote humwita OB, mnene, pembe za kurasa zimejikunja. Kando yake Kalamu, amefungwa kamba shingoni kama mbuzi wa sadaka. Kulikuwa na Redio ndogo ya betri, na Mama Birika wa chai, amekalia kitu bapa ambacho atakieleza mwenyewe. Rungu alikuwa ameegemea mlango wa seli. Ukuta alikuwa pale alipo siku zote. Msumarini alining'inia Kofia ya mkuu wa kituo, kasahauliwa na mwenyewe, na mkuu wa kituo hasahau kofia ila akiwa na mawazo.

Mawazo alikuwa nayo. Kesho yake saa nne asubuhi alitakiwa kwenye kikao cha nidhamu, kile askari wanachokiita odali rumu. Konstebo wake alimvunja mkono kijana wa bodaboda humu humu kituoni. Konstebo ana kesi yake. Ya mkuu ni nyingine: alijua, akanyamaza.

KOFIA: Shikamoo, Mzee Kitabu.

KITABU: Marahaba. Miezi minane uko hapo msumarini, na leo ndiyo mara ya kwanza kuniamkia. Sema shida yako.

KOFIA: Shida ni neno moja tu, mzee. Hati ya mashtaka inasema tajiri wangu "alishindwa kuripoti". Kushindwa! Mtu hushindwa na gunia la mchele. Hushindwa na mtihani. Tajiri hakujaribu hata kidogo, sasa ameshindwa na nini?

BIRIKA: Hayo kayaseme odali rumu.

KOFIA: Si ndio msiba wangu, Mama Birika! Mshtakiwa huingia bila kofia wala mkanda. Nitaachwa nje kwenye benchi, mimi na Mkanda, tuokote maneno kupitia tundu la kitasa. Kesi ya kichwa changu mwenyewe!

UKUTA: Hutakuwa wa kwanza humu kuhukumiwa bila kusikilizwa. Mimi, kwa mfano...

KITABU: Ukuta, zamu yako itafika. Tuanze na tukio lenyewe. Rungu, eleza.

RUNGU: Mimi ni mti, wazee wangu. Mti haujiendei. Nilishikwa na mkono.

KITABU: Na mkono unasemaje?

RUNGU: Unasema ulitumwa na kichwa. Kichwa nacho kinasema kisiulizwe kitu, litazamwe bega, halina hata utepe mmoja. Na bega linasema lenye vyeo ni bega la mkubwa.

KOFIA: Na mkubwa hakushika rungu! Wala hakuona. Nitazameni, jamani. Mimi hukaa juu ya kichwa, macho yako chini yangu. Kofia haina macho. Tena kadiri cheo kinavyopanda, ndivyo ukingo wangu unavyoteremka usoni. Ni mshono tu, si nia.

UKUTA: Masikio je? Hayo hukuyafunika.

KOFIA: Sikio lilikuwa na simu. Simu ya kazi.

BIRIKA: Nilikuwa mezani kwake. Ilikuwa simu ya mabati. Anajenga.

UKUTA: Mimi nilikuwapo, sina pa kwenda. Kijana aliletwa saa moja na nusu usiku kwa kosa la kutovaa helmeti. Akasema helmeti anayo, abiria wa mwisho ameshuka nayo. Konstebo akamwambia anajibu sana. Kama kuna kosa zito kuliko kujibu sana katika kituo hiki, mimi sijaletewa. Basi Rungu akaamshwa. Kijana akamwita mama yake, kisha akaita Mungu, kisha akawa haiti mtu. Ndipo mkuu akatoka ofisini, simu mkononi, akasimama pale mlangoni, akasema neno moja: "Inatosha."

KOFIA: Mmesikia! Alizuia!

UKUTA: Inatosha ni neno la mtu aliyekuwa akihesabu. Asiyejua lolote huuliza, "Kuna nini hapa?"

(Kimya. Mbu alipita baina yao, akaona hapana damu, akaenda seli.)

KOFIA: Na kama kijana aliteleza? Sakafu ile haikauki. Tuseme aliteleza, akajigonga kwa...

UKUTA: Maliza. Akajigonga kwa nani?

KOFIA: Nimesema "tuseme".

UKUTA: Ulikuwa unakuja kwangu. Kila mara mnakuja kwangu! Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang, kijana aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa kwao Homa Bay, akapelekwa hadi kituo cha Central, Nairobi. Hakukucha salama. Taarifa ya polisi ikamtaja mwenzangu: eti marehemu alijigonga kichwa ukutani. Mwenzangu yule, mawe na saruji, hajapata kumfuata mtu alipo. Madaktari walipochunguza mwili wakakuta kichwa kimeumizwa, shingo imekabwa, na majeraha mahali pengi, wakasema mtu hawezi kujifanyia hayo kwa kujigonga. Inspekta Jenerali akasimama mbele ya Seneti, akaomba radhi kwa taarifa ile. Ndivyo alivyokuwa ameelezwa kutoka chini. Watu wameshtakiwa, kesi ni ya mahakama, na mimi si hakimu. Ninauliza moja tu: mwenzangu yule, nani amemwomba radhi?

KITABU: Taarifa ni ndoo ya kisimani, ndugu yangu. Ikichotwa na matope, wa juu ndiye atakayeyanywa, tena mbele ya watu.

RUNGU: Na wewe, mzee, kesho ukiulizwa utasema nini?

KITABU: Mimi sisemi. Hufunguliwa. Na watakapofungua tarehe ile watasoma hivi. Nambari 30: zamu imekabidhiwa, mahabusu saba, wote hawana malalamiko. (Miaka yote hii sijapata kuandikiwa mahabusu mwenye malalamiko. Ni watu wenye subira ya ajabu.) Nambari 31: mama wawili wamegombania foleni ya maji, mtungi mmoja umevunjika. Nambari 33: mbuzi dume, rangi ya kahawia, sikio la kushoto limepasuka, ameonekana mara ya mwisho alasiri akielekea msikitini.

BIRIKA: Umeiruka 32.

KITABU: Sikuiruka. Nimerukishwa. Hapo pana mistari minne mitupu. Mtungi uliovunjika una nambari. Mbuzi ana nambari, ana rangi, ana sikio, na mwenye busara angesema ana dini. Mkono wa kijana una hewa.

KALAMU: Naweza kusema na mimi?

KITABU: Sema, mwanangu. Usiogope.

KALAMU: Yule dada wa kaunta, koplo, alinishika mara tatu usiku ule. Mara ya kwanza ncha yangu ilikaribia kabisa karatasi, mkubwa akasema, "Ngoja kwanza." Mara ya pili akasema, "Acha mistari minne, tutajaza tukishaelewana." Mara ya tatu hakusema kitu. Alinivuta, kamba ikakatika, akanitia mfukoni akaondoka nami. Nimelala nyumbani kwake siku mbili. Kamba hii mnayoiona ni mpya.

KITABU: Ndiyo maana hata mimi nina ugomvi na ile hati ya mashtaka, ingawa si ugomvi wa Kofia. "Kushindwa kuripoti" ni maneno ya kumwelezea mtu aliyepitiwa na usingizi. Sikuona usingizi hapa. Kuripoti kulitaka mistari minne na simu moja. Kutoripoti kulimchukua siku kumi na moja! Siku ya kwanza ni ya kumteka nyara Kalamu. Ya pili alikwenda hospitali kumweleza karani kwamba kijana ameanguka na pikipiki. Ya tatu ilimbidi aitafute pikipiki yenyewe, iliyokuwa nzima kabisa hapo uani, akaikwaruza ubavu ifanane na maneno.

RUNGU: Mimi ndiye niliyekwaruzia. Samahani.

KITABU: Umesamehewa, wewe ni mti. Siku ya nne kijana akafunguliwa shtaka la kumzuia afisa kutekeleza kazi yake, ili akija kulalamika aje akiwa mshtakiwa. Siku mbili zikaenda kwenye fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha. Fomu ile ni bure, imo kwenye droo ya pili, lakini kila nduguye kijana akija anaambiwa zimekwisha, Nairobi hawajaleta. Siku ya saba akaitwa mjomba wake, akaketishwa ofisini, akapewa chai.

BIRIKA: Yangu ilikuwa ya maziwa na tangawizi. Ile nyingine ilikuwa kwenye bahasha, siijui ladha yake.

KITABU: Mjomba akakataa zote mbili. Siku zilizobaki zilikuwa za koplo: kumweleza polepole, kama baba na binti, kwamba msichana mwerevu hufika mbali akijua kunyamaza. Nina miaka mingi kwenye kaunta hii, jamani, mimi na babu zangu walio kwenye stoo. Sijaona mkuu wa kituo akichapa kazi namna ile. Wizi wa ng'ombe haujapata kupewa siku tatu.

(Kofia alitikisika msumarini. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa nyingine.)

KOFIA: Mnacheka kwa sababu hamjakaa kichwani. Konstebo yule ana mkopo wa sacco na mtoto wa pili njiani. Usiku wa doria, ni yeye anayetembea nyuma ya tajiri wangu na bunduki. Mripoti leo. Kesho uko kwenye kichochoro, wenye panga wako mbele yako, na huyo nyuma yako anakumbuka ulichomfanyia. Atakuwa mwepesi kiasi gani? Na juu je? Wakubwa hutazama vituo. Kituo chenye malalamiko huitwa kikajieleze. Kituo kisicho na kitu huambiwa, "Kwako kumetulia." Tajiri amesifiwa kwa utulivu mara mbili. Huu urembo wangu hapa mbele, mnafikiri umetokana na nini?

KITABU: Hilo ni kweli, na sitalipinga.

UKUTA: Mzee!

KITABU: Ni kweli, Ukuta. Mtu anayetakiwa kuripoti ndiye atakayeulizwa alikuwa wapi. Ukimwachia hiari, utangoja sana.

BIRIKA: Hakuachiwa hiari. Jedwali la Sita.

KOFIA: Wewe wa chai, sheria umeijulia wapi?

BIRIKA: Nimeikalia. Hiki kilicho chini yangu ni Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ya 2011. Ililetwa kituoni ikinukia wino, ikatafutiwa kazi, ikaonekana inafaa kuzuia meza isiungue. Nimeisoma kwa kitako miaka yote hii, na duara zangu tatu ziko papo hapo kwenye Jedwali la Sita. Linasema nguvu za askari zikileta kifo au jeraha kubwa, mkuu wa kituo, au mkubwa wa moja kwa moja wa aliyetenda, ataripoti mara moja kwa IPOA, ile Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi. Alinde mahali pa tukio. Awaarifu jamaa. Na asiporipoti, hilo lenyewe ni kosa la nidhamu. Halikusema akipenda. Halikusema akimaliza kuezeka.

KOFIA: Limesema mara moja?

BIRIKA: Mara moja.

KOFIA: Basi tajiri wangu hana kosa! Hata akiripoti mwakani, itakuwa mara moja. Angeripoti mara mbili ndiyo tungesema amevunja sheria.

(Ukuta alicheka mpaka chokaa ikamwagika. Redio, aliyekuwa akikoroma tangu taarifa ya saa nne, akaamka.)

REDIO: Na lile la "hakushika rungu" limekwisha kujibiwa pia. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, polisi waliingia kwenye nyumba moja mtaa wa Nyalenda, Kisumu. Humo mlikuwa na mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo. Alipigwa, na baada ya siku chache akafa hospitalini. Februari 2019 hakimu aliyechunguza kifo kile alisema lawama ni ya makamanda pia, si ya waliobisha mlango peke yao.

(Hapo hapakuwa na la kucheka. Hata Rungu alitazama sakafu. Ikapita dakika nzima kabla mtu kusema.)

RUNGU: Na kuna mkubwa aliyewahi kupoteza kazi kwa sababu ya karatasi tu? Bila kugusa mtu?

REDIO: Chicago, Marekani. Oktoba 2014 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, alipigwa risasi 16 na askari mmoja. Ripoti za wenzake askari zikasema kijana aliwaendea kwa kisu. Sajenti akazipitisha. Novemba ya mwaka uliofuata video ikatolewa, na kijana akaonekana akienda kando, akiachana nao. Julai 2019 Bodi ya Polisi ya mji ule ikafukuza askari wanne, sajenti yule akiwa mmoja wao. Hakufyatua hata risasi moja. Aliweka sahihi.

KOFIA: Kutoka 2014 hadi 2019? Miaka mitano kasoro? Basi muda tunao. Nyumba itakuwa na mabati na rangi.

BIRIKA: Wewe huna aibu.

KOFIA: Aibu ni ya uso, Mama. Mimi ni wa juu zaidi. Sasa nisikilizeni, kabla stima haijarudi. Mzee Kitabu, ombi langu ni dogo. Ile mistari minne si mitupu? Tuijaze usiku huu. "Nambari 32: kijana wa bodaboda ameletwa na wasamaria wema baada ya kuanguka." Maneno kumi tu. Kalamu, inuka.

KALAMU: Siinuki.

KOFIA: Hii ni amri!

KALAMU: Kamba yangu haifiki huko.

KITABU: Inafika, mwanangu, lakini umejibu vizuri. Kofia, hebu nikusimulie habari ya karatasi. Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda, na dereva wa teksi yao Joseph Muiruri walitekwa walipotoka mahakamani Mavoko. Mwenda alikuwa amemlalamikia askari mmoja kwa IPOA. Wakafungiwa kambi ya polisi ya Syokimau. Mle ndani wakili akapata kipande cha karatasi ya msalani, akaandika kuomba msaada. Karatasi ikatoka. Wao hawakutoka, miili yao ilipatikana mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Mwaka 2022 mahakama iliwatia hatiani askari watatu na mpasha habari wao mmoja, na mwaka uliofuata mmoja wa askari hao akahukumiwa kifo. Mimi nina jalada gumu. Nina nambari za kurasa, nina muhuri wa serikali, nina kaunta yangu. Na kila nikiikumbuka karatasi ile ya msalani, naona haya. Leo unataka nijazwe wasamaria wema?

(Kofia hakujibu. Nje, askari wa zamu alisikika akimweleza mtu kwa simu kwamba kazi ni ngumu.)

KOFIA: Haya. Niambieni basi adhabu ni zipi, niweze kulala.

BIRIKA: Zimo ukurasa ulio juu kidogo ya duara yangu ya kwanza. Karipio. Kusimamishwa kazi. Kulipa hasara. Kuzuiwa nyongeza ya mshahara. Kushushwa cheo. Kufukuzwa.

KOFIA: Na uhamisho?

BIRIKA: Uhamisho sijaukalia. Haumo.

KOFIA (akicheka kwa mara ya kwanza): Haumo kwenye sheria, Mama. Umo kwenye lori. Nyinyi ni vitu vya kaunta, hamjui dunia. Ngoja niwaambie mambo yanavyokwenda. Kesho watamfokea, kwa sababu lazima mtu afokewe. Watamwandikia karipio kali. Halafu faili inafungwa, na Jumatatu lori linakuja kwa ajili ya viti, godoro na kuku. Huko aendako hakuna anayejua kitu, na ripoti ya kwanza ataandika, "Kumetulia." Nalijua lori lile, lina tairi moja bovu upande wa kushoto. Hata hapa nilikuja na...

(Akasita.)

KITABU: Ulikuja na nini?

KOFIA: Nilikuja kikazi.

KITABU: Miezi minane iliyopita. Na kule ulikotoka, mistari mitupu ni mingapi?

(Kofia akageuka kwenye msumari. Kwa kitu kisicho na macho, aliangalia pembeni vizuri sana. Stima ikarudi. Askari wa zamu akaingia, akajimiminia chai, akarudisha Birika juu ya sheria.)

Kikao hakikufika hata dakika arobaini. Kofia aliketi nje na Mkanda kama alivyohofia, na alichosikia kupitia mlango ni viti kuburutwa na mtu mmoja kukohoa. Hukumu ilikuwa karipio kali. Uhamisho ulikuja kwa barua nyingine, yenye maneno "kwa manufaa ya huduma", nayo haikutaja mkono wa mtu. Lori lilifika Jumatatu. Kuku walikuwa watano.

Konstebo bado yuko zamu, na tukimuuliza yeyote tunaambiwa uchunguzi unaendelea. Rungu amepakwa vanishi.

Jumatano kofia mpya ilikuwa msumarini, na Alhamisi kijana alikuja na mjomba wake, plasta mpaka begani, wenzake wa bodaboda wamejaa nje ya lango, helmeti kichwani kila mmoja. Koplo aliwatazama. Akafungua droo ya pili, akatoa P3, akaijaza sehemu ya polisi. Kisha akamfungua Kitabu kwenye ukurasa wa siku hiyo, si ule wa zamani, akaandika kwa nambari 6 yote aliyoyaona usiku ule, na mwishoni akaongeza mstari mmoja: nambari 32 ya siku ile haikuandikwa kwa amri ya mkuu wa kituo. Akatia sahihi na nambari yake ya kazi. Mkuu mpya alitoka ofisini, akasoma akiwa amesimama, akauliza ni nani aliyemwambia aandike hayo. Koplo akasema ni Jedwali la Sita. Mkuu akataka kuliona, na ilibidi Birika aondolewe kwanza.

Msomaji, IPOA hupokea malalamiko ya mwananchi moja kwa moja, bila kupitia kofia yoyote. Na ukienda kituoni kuandikisha jambo lako, usitoke mpaka upewe nambari ya OB na uione kwa macho yako imeandikwa. Hata kama ni mbuzi.